Fimbo ya Kumi na Tano

Haya nimesimuliwa na wifi yangu, yule anayepika chai kwenye klabu ya gofu, Jumatatu iliyofuata baada ya mashindano ya watoto. Tulikuwa tumekaa sakafuni kwangu tunakunja vitambaa vya meza vya klabu, ambavyo huvileta nimsaidie kupiga pasi tangu pasi yake ilipokula kimoja. Wifi yangu ana mdomo, lakini hana uongo. Alikuwepo, na pale ambapo hakuwepo alisikia kupitia dirisha la jikoni, au kwa wenyewe walipokuja kunywa chai. Nami nayaandika kama alivyonipa, ila matusi nimeyapunguza.

Inspekta hakutumwa kule kupeleleza. Alitumwa kulinda magari. Mkuu wake alimwambia kuna wageni kutoka nchi tisa, watoto wote wa chini ya miaka kumi na minane pamoja na wazazi wao, kwa hiyo asitokee kijana wa kung'oa vioo vya magari. Basi akapewa kiti cha plastiki getini, kivuli kidogo na chupa ya maji. Watu humwita Inspekta Kobe, kwa sababu goti lake la kushoto na la kulia hayaelewani tangu zamani, na akitembea unaona kabisa kuwa yanabishana.

Kuhusu gofu hakujua kitu. Kwake yeye, mtu mzima anayepiga mpira kwa nguvu kisha akaufuata mwenyewe kwa miguu ni mtu asiye na ndugu wa kumtuma.

Siku ya tatu, ndiyo siku ya mwisho, saa tisa na robo alasiri, wifi yangu alimjia mbio, aproni imempanda mpaka kidevuni.

"Afande! Njoo haraka! Kuna fimbo!"

"Imeibwa?"

"Haijaibwa. Imezidi."

Inspekta akamtazama. "Mama, miaka ishirini na sita natafuta vitu vilivyopungua. Kitu kilichozidi si kesi, hiyo ni baraka."

"Huku kwetu ni msiba," alisema wifi yangu. "Inuka, baba, wanataka kushikana mashati."

Inspekta akainuka. Goti la kushoto likakataa, la kulia likakubali, yakasikilizana njiani.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, na juu yake fimbo zimelazwa kwa mstari kama wagonjwa wodini. Kichwani mwa meza alisimama Mwamuzi Mkuu, mama mmoja mwembamba, miwani yake imefungwa kamba asiipoteze, kitabu cha kanuni kifuani. Upande huu alikuwepo binti wa miaka kumi na mitano, kofia mkononi, anaizungusha kama usukani. Huyo walimwita Sindano, kwa jinsi anavyopitisha mpira mahali ambapo hata uzi ungeomba radhi. Nyuma yake alikuwa mjomba wake, mkata nyasi wa pale pale klabuni, ambaye ndiye aliyembebea mfuko wa fimbo siku zote tatu. Upande wa pili alisimama baba mmoja mgeni, daftari mkononi na kalamu sikioni, na binti yake kando anatazama viatu vyake.

"Afande, karibu," alisema Mwamuzi Mkuu. "Nimekuita kwa sababu hapa kila mtu ana upande wake. Nilitaka mtu asiyejua gofu kabisa."

"Hapo umempata," alisema Inspekta.

Mama yule akamweleza taratibu, kidole juu ya kitabu. Mchezaji haruhusiwi kubeba fimbo zaidi ya kumi na nne. Akikutwa nayo ya kumi na tano anaongezewa mipigo minne, na katika gofu mwenye mipigo mingi ndiye aliyeshindwa. Sindano amemaliza akiwa amemtangulia binti mgeni kwa mipigo mitatu. Mfuko wake ulipohesabiwa baada ya shimo la mwisho, zikatoka kumi na tano.

"Kwa hiyo tatu toa nne," alisema Inspekta.

"Anashindwa kwa mpigo mmoja."

"Na anayeshinda anapata nini? Bakuli?"

"Bakuli wanaweza kulichukua," alidakia mjomba. "Mshindi anapata nafasi ya shule, Afande! Shule ya bweni, miaka minne, ina uwanja wake na mwalimu wake wa gofu. Huyu mtoto kajifunzia nyuma ya banda la mashine za kukatia nyasi, anapigia mpira kwenye ndoo. Halafu mtu anakuja anamchomekea chuma mfukoni!" Akamgeukia baba mwenye daftari. "Mtu anayehesabu fimbo za watoto wa wenzake!"

"Ninahesabu za kila mtu," alisema Baba Daftari kwa utulivu. "Hata zako ningehesabu, kama ungekuwa nazo."

"Nina mikono miwili, nayo umeihesabu?"

"Mjomba," alisema Sindano, "nyamaza. Unazidi kunizamisha."

Mwamuzi Mkuu akagonga meza. "Kanuni yangu ina mlango mmoja tu. Kama fimbo iliongezwa na mtu wa nje, mchezo ukiwa umekwisha kuanza, na mchezaji hakujua wala hakuitumia, haihesabiki. Lakini ikiwa ilikuwemo kabla hajapiga mpira wa kwanza, au aliyeiweka ni yeye au mbeba mfuko wake, adhabu ni ile ile. Saa kumi na moja kamili natangaza mshindi. Sisogezi hata dakika."

Inspekta akatazama saa ya ukutani. Saa tisa na nusu. Maswali yalikuwa mawili tu: nani, na lini. Kesi nyingi alizowahi kushika zilikuwa na maswali hayo hayo, ila hazikuwa na watu wamevaa vizuri namna hii.

"Ipi ndiyo ya kumi na tano?"

Wakamwonyesha. Ilikuwa fimbo ya chuma, fupi, ya zamani, imechakaa hata jina la mtengenezaji limefutika. Inspekta akaichukua ili aitazame, na kwa kuwa goti lilikuwa limeanza tena malalamiko yake, akakishika kile kichwa cha chuma kwa kiganja, akaisimamisha sakafuni, akaegemea. Ah! Goti likashukuru.

Chumba kizima kikacheka. Hata mjomba, pamoja na uchungu wake, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Afande, umeishika juu chini!"

"Kwani hushikwa wapi?"

"Huku, kwenye mpini wa mpira. Hicho ulichokishika ni kichwa chake."

Inspekta akaigeuza, akaikagua polepole. Mwisho wa mpini, pale waliposema ndipo pa kushika, palikuwa na udongo uliokaukia pamoja na vijani vya nyasi. Kichwa cha chuma, kinachopaswa kuchubuliwa na ardhi, kiling'aa kama kitasa cha mlango wa zahanati.

"Mbona panaposhikwa ndipo pachafu?"

"Mvua ya jana," alisema Mwamuzi Mkuu. "Kila kitu kina udongo."

Inspekta akaandika: *mpini mchafu, kichwa kisafi*. Kisha akaona namba saba imechongwa kwenye chuma. Akasisimka. Akauliza chumba cha kubadilishia nguo kiko wapi, akaondoka bila kuaga, goti likimfuata nyuma kwa shida. Alimtafuta mwenye ufunguo, akafungulisha kabati namba saba mbele ya mashahidi wawili, akakuta soksi moja, nusu ya mkate na cheti cha katibu wa klabu cha kozi ya kupunguza unene. Katibu mwenyewe aliingia wakati huo huo, akaapa kwamba ule mkate si wake.

"Afande," alisema Mwamuzi Mkuu aliporudi, "saba ni aina ya fimbo. Kila mchezaji anayo ya saba."

"Nimeelewa," alisema Inspekta. "Lakini mwambieni katibu ule mkate una ukungu."

Akaanza na mjomba, faragha, kwenye ukumbi mdogo wenye dirisha linalotazamana na jikoni. (Ndiyo maana yote haya tunayajua.)

"Fimbo unazihesabu lini?"

"Kila asubuhi, Afande. Mimi na mtoto tunahesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea. Leo tumehesabu kumi na nne, nikafunika na taulo."

"Na huko njiani hukuona kitu?"

Mjomba akajikuna shingo. "Shimo la pili nilihisi mfuko umekuwa mzito."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema ni uzee. Na ile fimbo ni fupi, ilizama katikati ya wenzake, taulo juu. Mimi natoa ninayoambiwa tu. Sikai kuchungulia mfuko kama mwanamke aliyepoteza hereni."

"Mtoto alipopiga mpira wa kwanza, wewe ulikuwa wapi?"

"Nimesimama mbele, macho juu. Kazi ya mbeba mfuko ni kuona mpira umeangukia wapi. Ukipotea, lawama ni zangu."

"Na mfuko?"

"Nyuma yangu, kando ya benchi. Nilipoonyeshwa niuweke ndipo nilipouweka." Sauti ikamshuka. "Afande, wakisema ni mimi niliyeiweka, nitamtazamaje dada yangu? Kanikabidhi mtoto, kaniambia, ndugu yangu, wewe beba tu, mengine atafanya mwenyewe. Kubeba tu! Hata kubeba kumenishinda."

Inspekta alimsogezea chupa yake ya maji.

Baba Daftari aliingia na kukaa wima. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kimepigwa pasi.

"Wewe ndiye uliyekuwa na faida," alisema Inspekta. "Ile fimbo ikihesabiwa, binti yako anashinda."

"Ndiyo. Ningekuwa wewe, mimi ndiye ambaye ningemshuku kwanza."

"Daftari lina nini?"

"Kila kitu." Akalifungua, akasoma. "Saa nne kasoro dakika kumi. Mfuko wa binti mwenyeji, fimbo kumi na nne. Mfuko wa binti yangu, kumi na nne. Upepo hafifu. Mwamuzi kavaa miwani mipya."

Inspekta akainua kichwa. "Ulihesabu kumi na nne dakika kumi kabla ya kuanza? Mbona hukusema kule ndani?"

"Hakuna aliyeuliza. Waliniuliza za mwisho, nikawaambia za mwisho."

"Na saa nne kamili, binti anapiga, ulikuwa wapi?"

Baba Daftari akafunua ukurasa, akasita, masikio yakamwiva. "Saa nne kamili. Msalani. Hakuna sabuni."

"Ni kweli!" sauti ya wifi yangu ikasikika kutoka jikoni. "Mimi ndiye niliyempelekea sabuni! Kanigongea dirisha analalamika, na kengele ya kuanzia inalia!"

"Mama, hii ni siri ya upelelezi," alisema Inspekta.

"Sisikilizi, Afande. Napita tu."

Kwa hiyo fimbo iliingia ndani ya zile dakika kumi, au baada yake. Na mtu aliyeichomeka kwa faida yake asingetoa hesabu inayomsaidia mpinzani; Baba Daftari akatoka kwenye orodha. Alipofika mlangoni akageuka. "Binti yangu hataki kushinda hivi. Ameniambia hataki kombe la hesabu. Nami sijui kumpa jingine, maana mimi ninachojua ni kuhesabu." Akatoka.

Saa kumi na dakika tano. Goti la Inspekta lilikuwa limevimba kama andazi. Akachukua tena ile fimbo, akaiegemea vilevile juu chini, kucheka na wacheke, akaenda jikoni kuomba chai.

Wifi yangu alimmiminia kwa mkono wa kushoto, huku akikunja uso.

"Bega lina nini?"

"Mzee Kengele huyo! Leo kaniegemea kutoka kwenye kigari mpaka kwenye kiti chake. Mzee ukimwona ni mkavu kama ukuni, lakini mifupa yake Mungu ndiye ajuaye imejaa nini."

Mzee Kengele ndiye mwanzilishi wa klabu ile. Miaka themanini na kitu. Kila mashindano ni yeye anayempigia kila mtoto kengele ya kuanzia, kisha anampigia makofi akirusha mpira wa kwanza, awe ameupeleka mbali au ameupeleka mtaroni. Akimaliza hupandishwa kwenye kigari, hupelekwa ukumbini, hula supu, halafu hulala kwenye kiti chake mpaka aamke mwenyewe.

"Siku zote hukuegemea wewe?"

"Wapi! Siku zote anatembea na mkongojo wake, kwa maringo kama bwana harusi. Leo sijui kausahau wapi."

Kikombe kikasimama nusu ya njia. Shingo ya Inspekta ikatoka, ile ya kobe anaposikia harufu ya nyasi.

"Mkongojo wa namna gani?"

"Mkongojo tu, Afande. Nani huangalia mkongojo wa mzee? Unaangalia mzee asianguke."

"Juu una nini? Una kona? Una duara?"

Wifi yangu akafikiri, birika mkononi. "Juu una mkono wake. Miaka kumi nipo hapa, mkono wake haujatoka pale juu."

Inspekta akatazama kiganja chake mwenyewe, jinsi kile kichwa cha chuma kilivyokaa humo kama kimezaliwa humo. Mpini mchafu, kichwa kisafi. Wachezaji wote wale, na vitabu vyao, walimcheka kwa kuishika juu chini. Wala hakuna aliyejiuliza kwa nini fimbo yenyewe ilikuwa imezoea kushikwa hivyo.

Akaacha chai. Wifi yangu anasema hajawahi kumwona mwanamume akiacha chai yake ya tangawizi, ndipo akajua mambo yameiva.

Barazani mpiga picha alikuwa ametundika picha za asubuhi kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, wazazi wachague. Inspekta akapita mstari mzima, pua karibu na karatasi, mpaka akampata Sindano. Picha nzuri: binti kajipinda, fimbo imeshamalizia safari yake begani, macho yanafuata mpira uliokwisha ondoka. Nyuma yake upande wa kulia, mahali ambapo hakuna mzazi angetazama, alisimama Mzee Kengele na mkono wake juu ya mkongojo. Kando ya goti la mzee, kwenye pembe ya benchi, mfuko wa Sindano.

Akaing'oa picha, akampelekea Mwamuzi Mkuu.

"Mpira umeshaondoka," alisema. "Mchezo umeanza. Na fimbo bado iko mkononi mwa mzee."

Mama yule akavua miwani, akaivaa, akatazama kwa muda mrefu. "Naona mzee. Naona ana kitu. Tuseme ndiyo hii. Imeingiaje mfukoni? Labda aliiangusha, mjomba mtu akaiokota na kuichomeka kwa mazoea. Mbeba mfuko akiona fimbo kwenye nyasi, mkono wake hauulizi kichwa. Ikiwa ni hivyo, adhabu iko pale pale."

Mjomba, aliyekuwa mlangoni, akafumba macho.

"Basi tumuulize mzee," alisema Inspekta.

Katibu wa klabu akakohoa, akamwonyesha ukutani kwa kidole. Ndani ya fremu ya dhahabu, chini ya picha ya mzee, palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: MWANZILISHI HAAMSHWI.

"Uamuzi huo ulipigiwa kura kwenye mkutano mkuu," alisema katibu. "Mara ya mwisho alipoamshwa alidhani ni mapinduzi ya uongozi. Alitufukuza wote uanachama."

Saa kumi na dakika arobaini. Sindano alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza. Binti mgeni akaja akakaa kando yake, akampa nusu ya biskuti. Inspekta aliwaona wawili hao kupitia dirishani, akafikiri, akafikiri tena. Kisha akamuuliza katibu:

"Mmekatazwa kumwamsha. Mmekatazwa kumpongeza?"

Wakaingia ukumbini kwa vidole vya miguu, watu kumi na wawili hivi, kama wezi wa kuku. Mzee Kengele alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, leso ya supu bado shingoni. Inspekta akapiga magoti kwa tabu kubwa, akausogeza ule mkono mkavu, akaweka kichwa cha fimbo ndani ya kiganja. Vidole vikajifunga vyenyewe, kama mtoto mchanga anavyoshika kidole cha mama yake. Mzee akatabasamu usingizini.

"Sogeeni," alinong'ona Inspekta. "Mama Mwamuzi, wewe simama hapa uone vizuri. Nikiinua mkono, pigeni makofi. Kama mtoto kapiga mpira mzuri."

Akainua mkono. Wakapiga makofi.

Mzee akafumbua jicho moja. "Mpigo mzuri, mwanangu!" akasema kwa nguvu. Na hapo hapo, bila kugeuza kichwa, mkono wake wa kulia ukaenda kando, ukapapasa hewani kidogo, ukakuta begi la mgongoni la Baba Daftari, lililokuwa limeachwa wazi chini kando ya kiti, ukachomeka fimbo humo mpaka ikagota. Kisha mikono miwili ikakutana, mzee akapiga makofi kwa furaha: pa, pa, pa!

Baba Daftari akafungua daftari, akaandika huku akijisomea kwa sauti ndogo: "Saa kumi na dakika hamsini. Begi langu. Fimbo moja. Si yangu."

Mzee akafumbua jicho la pili, akawatazama walivyomzunguka. "Vipi? Nimekufa?"

"Hapana, Mzee wetu. Shikamoo," alisema Inspekta, akiichomoa fimbo begini na kuiegemea ili ainuke.

"Marahaba. Mbona mnanipigia makofi?"

"Mzee, asubuhi, yule binti wetu alipopiga mpira wa kwanza, ulimpigia makofi?"

"Kwa nini nisimpigie? Aliupiga mpira mpaka nikauonea huruma."

"Na mkongojo wako uliuweka wapi?"

"Pale pale pa siku zote," alisema mzee, akishangaa kuulizwa. "Kwenye pipa la miavuli, pembeni mwa benchi. Miaka arobaini nauchomeka pale. Mtu hapigi makofi na mkono mmoja, kijana. Yeye alikuwa wa mwisho, halafu likaja hilo gari lenu la kunibeba kama gunia, nikausahau."

"Lakini pipa la miavuli halipo pale, Mzee," alisema katibu. "Liliondolewa jana jioni."

"Nani kaliondoa?"

Ndipo Mwamuzi Mkuu akatoa sauti nyembamba kuliko mwili wake. "Mimi. Niliona linaharibu picha. Niliagiza mfuko wa anayeongoza ukae pale pale lilipokuwa."

Wifi yangu anasema siku ile ndipo alipomheshimu mama yule. Hakutafuta maneno. Alifungua kitabu chake, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, akisoma kila neno: fimbo iliwekwa na mtu wa nje, mchezo ukiwa umeanza, mchezaji hakujua, mbeba mfuko hakuhusika, na chanzo ni pipa lililohamishwa na Mwamuzi Mkuu. Akatia sahihi. Akatazama saa. Saa kumi na moja kasoro dakika mbili.

"Matokeo ni yale ya uwanjani," alisema. "Mipigo mitatu."

Mjomba alikaa chini sakafuni, alipokuwa amesimama, kama mtu aliyekatwa kamba. Sindano hakupiga kelele. Alikwenda akamwinua, akamwambia, "Mjomba, shimo la pili ulipohisi uzito, si uzee. Ulikuwa umembeba mzee mzima." Mjomba akacheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo, wifi yangu anasema, halipendezi kutazama kwa mwanamume mwenye pua kubwa.

Binti mgeni akapiga makofi wa kwanza. Mzee Kengele akasikia, mkono mtupu ukaenda tena kando kutafuta pa kuchomeka. Baba Daftari aliwahi kulifunga begi.

Kombe likatolewa, nafasi ya shule ikatangazwa, picha zikapigwa, na pipa la miavuli likarudishwa mahali pake huku mama yule mwembamba akilisukuma mwenyewe. Jioni ile Sindano alilala garini kabla hawajafika nyumbani, kombe mapajani, na mjomba aliendesha polepole lisije likaanguka. Wageni walilala hotelini mapema, maana Baba Daftari alikuwa ameandika saa ya kulala. Mwamuzi Mkuu alilala na kitabu kifuani. Wifi yangu alilala na dawa ya kuchua begani.

Inspekta alifika kwake, akala, akanyoosha mguu kitandani. Goti lilikuwa limetulia tangu atoke klabuni, akawa anajiuliza limepatwa na nini. Alikuwa ameanza kusinzia simu ilipolia.

"Kijana," ilisema sauti ya Mzee Kengele, iliyo macho kabisa, sauti ya mtu aliyelala mchana kutwa. "Wewe ndiye mpelelezi. Mkongojo wangu umepotea tena. Safari hii nina hakika umeibwa."

Inspekta akageuza kichwa. Kando ya kitanda, imeegemea ukuta, kichwa chake cha chuma kinang'aa, ilikuwa fimbo ya saba. Alikuwa ametembea nayo kutoka ukumbini mpaka getini, kutoka getini mpaka kituoni kutoa ripoti, na kutoka kituoni mpaka nyumbani, akiiegemea kila penye ngazi.

"Mzee," alisema, "mwizi tumempata."

"Upesi hivyo? Ni nani?"

"Ni askari."

Upande wa pili kicheko kikavu kikaanza, kikaendelea, kikageuka kikohozi. "Goti?" aliuliza mzee.

"La kushoto."

"Langu la kulia. Basi lala nayo usiku wa leo, uniletee asubuhi. Mimi siendi popote."

Inspekta akalala papo hapo, mkono juu ya kile chuma. Mzee Kengele alibaki macho kitambo, anasikiliza saa ya ukutani na kumkumbuka yule binti na mpira wake uliokwenda mbali. Akiwa peke yake gizani, mikono yote miwili mitupu, akampigia makofi mara moja tena, polepole. Kisha akalala.